Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Vitabu Vipya vya Maktaba Yetu

Ndugu wanachama,

Ya ada na paa linalovuja mhazini atayaeleza kwa tarakimu zake. Mimi nitasema ya vitabu, maana ndivyo vilivyotukutanisha, na mwaka huu ndivyo vilivyotugombanisha.

Ugomvi ulianzia kwenye sanduku la mapendekezo. Tulipolifungua, karatasi nyingi zilikuwa na jina la kitabu, basi, na nyingi kati ya hizo zilimtaja Shaaban Robert. Mzee wetu alizaliwa hapa hapa Tanga, Vibambani, mwaka 1909, na hakuna anayebishia heshima yake. Lakini rafu yake tunayo, imejaa, na vumbi lake nimelipangusa mwenyewe. Kamati ikaamua kwamba anayependekeza aandike sababu, na kitabu kisinunuliwe mpaka mmoja wetu awe amekisoma. Wapo walionuna, na wawili hawajanirudishia salamu mpaka leo.

Kwa watu wazima tumenunua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 sote tulishangilia, ingawa wengi tulikuwa hatujamsoma hata ukurasa, kwa sababu anaandika kwa Kiingereza. Sasa kisingizio hicho hakipo. Yusuf, kijana anayetolewa na babake kwa mfanyabiashara ili kufidia deni, anazungumza lugha yetu, na misafara ya bara inasomeka kama habari za babu zetu. Nakala zetu hazikai rafuni. Anayekitaka aandikishe jina kwa mkutubi.

Kwa vijana, niseme kweli, tulikuwa na aibu. Rafu yao ilikuwa ya vitabu vya kiada na mitihani iliyopita. Mwanafunzi akimaliza kazi ya shule anafunga daftari, anaondoka. Tumewaletea Siku Njema ya Ken Walibora. Najua mtasema ni ya mwaka 1996, upya wake uko wapi? Kwangu kitabu kipya ni kile ambacho hatukuwa nacho. Na hiki kinaanzia hapa kwetu: Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji taarabu wa Tanga, anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba yake. Imekuwaje Wakenya wawe wameisoma shuleni na sisi wenye mji tusiwe na nakala hata moja?

Upande wa watoto tuliteleza. Kitabu kimoja cha hadithi tulikinunua kwa kuvutiwa na jalada. Baada ya wiki akaja binti wa darasa la nne akauliza, sungura ametokaje kisimani? Tukakifungua: ukurasa wa 17 hadi wa 32 upo mara mbili, halafu kinarukia wa 49. Vitabu hukusanywa kwa mikunjo, yaani karatasi kubwa zilizochapwa zikakunjwa, mara nyingi ya kurasa 16, na aliyekusanya alichukua mkunjo mmoja mara mbili akauacha unaofuata. Muuzaji alikataa kukipokea. Tangu siku hiyo tunafungua kila kitabu kaunta, kurasa zote, hata muuzaji akikunja uso. Jalada nalo halituamulii tena: mtoto mmoja husoma ukurasa kwa sauti, na akikwama kila mstari tunakirudisha rafuni kwa muuzaji.

Kwa wadogo zaidi fedha haikutosha, tukachapa hadithi za Kiswahili za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambazo leseni yake inaruhusu kunakili bure. Steshenari ya jirani ilitutoza karatasi na wino tu. Stepla tulizipiga wenyewe Jumamosi moja, na vidole vyangu vinakumbuka. Vijitabu hivyo vimeanza kuchanika; tunahitaji gundi na mtu mwenye subira.

Fomu za mapendekezo ya mwaka ujao ziko mezani kwa mkutubi. Mstari wa "sababu" msiuache wazi.