Vijana, msitufukuze makarani

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa vijana mtaani kwetu, Umoja. Wanajiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2027 na wameshaapa: aliyewahi kula mshahara wa serikali hana nafasi kwao. Kisha wakanigeukia mimi, niliyekaa masijala miaka 29, wakaniomba nifungue mkutano kwa maombi. Nikaomba, nikaketi. Nililomeza siku ile nalitema hapa.

Hasira yao naielewa. Juni 2024 walijaa barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na Mswada wa Fedha, uliobeba kodi mpya, ukaondolewa. Lakini Juni, wanangu, ni mwezi wa kupakua. Chungu huinjikwa mapema. Waraka wa kuanzisha bajeti hutoka kufikia tarehe 30 Agosti, Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia mwisho wa Aprili. Vikao vya maoni ya wananchi nilivyowahi kuhudhuria mwezi wa Februari vilikuwa na viti vitupu na katoni za maji ambazo hazikufunguliwa.

Halafu kuna faili. Mwananchi huambiwa imepotea. Haipotei! Ofisini kwetu ilikuwa inachomolewa karatasi moja tu, folio, yaani namba za karatasi ndani ya faili, zinaruka kutoka 14 hadi 16, na mkubwa anakataa kutia sahihi kwa kuwa faili haijakamilika. Hakuna aliyesema hapana, hakuna wa kushtakiwa. Kazi ya mtaro mmoja ililala hivyo miezi saba, mvua za masika zikaja na kupita, na watu wakavuka barabara wamekunja suruali. Waziri mpya, hata awe mtakatifu, ataulizia faili hiyo na kujibiwa, "Inakuja, mheshimiwa." Wa kumnong'oneza aulize folio 15 iko mezani kwa nani ni yule aliyewahi kuificha. Naam, niliwahi, kwa kuagizwa.

Tukumbushane pia ya juzi. Mwaka 1992 na 1997 upinzani uligawanyika na Rais Moi akashinda. KANU, chama chake, iliangushwa 2002, baada ya akina George Saitoti na Kalonzo Musyoka, waliokuwa ndani ya serikali yake, kutoka na hatimaye kuungana na Mwai Kibaki, ambaye mwenyewe alikuwa makamu wa Moi kwa miaka kumi. Waliokuwa wakiufunga mlango ndio waliojua komeo liko upande gani.

Wapo watakaonijibu kwamba watu hao waliingia na mizigo yao, na ni kweli. Mikataba ya Anglo Leasing, ile ya serikali na kampuni hewa, haikukoma KANU ilipoondoka, na John Githongo, aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa London. Kwa hiyo siwaombei wazee wenzangu vyeo. Tupeni kiti cha pembeni, msitupe kitabu cha hundi, na tukisema jambo, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na jina la aliyelisema.

Wanakutana tena Jumamosi hii. Nitafika mapema na kalenda ya bajeti kwapani. Maombi safari hii aongoze mwingine.

Karani mstaafu,
Umoja, Nairobi