Uwanja wa michezo wa shule uanze na wanafunzi, bembea zifuate

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu namna shule za msingi zinavyoboresha viwanja vyao vya michezo. Mara nyingi kazi hii huanzia mwisho. Kamati ya shule hukaa, hupitisha mchango, hununua bembea na vyuma vya kukwea, humwalika mgeni rasmi akate utepe, kisha wazazi hurudi makwao na wanafunzi huachiwa vitu ambavyo hawakuulizwa kama wanavihitaji. Haupiti muda mrefu mnyororo mmoja wa bembea hukatika, kiti huning'inia upande, hakuna anayejua ni nani mwenye jukumu la kukitengeneza, na mwalimu wa zamu huishia kuwafukuza watoto eneo lile kila saa ya mapumziko. Napendekeza mpangilio ugeuzwe: wanafunzi waulizwe kwanza, wazazi washirikishwe kwa ujuzi wao na si kwa mifuko yao pekee, na ununuzi uwe hatua ya mwisho.

Kuwauliza wanafunzi si hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na katika kifungu cha 12 unampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Ni vigumu kutaja jambo linalomhusu mtoto wa miaka minane kuliko mahali anapochezea.

Hata hivyo, kuuliza nako kuna namna yake. Ukimwuliza mtoto anataka nini, atataja bembea, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwingine. Ukimpa karatasi achore uwanja jinsi ulivyo, kisha aweke alama mahali anapopapenda na mahali anapopakwepa, utapata habari ambazo kikao cha watu wazima hakiwezi kuzitoa. Katika shule moja ninayoifahamu wanafunzi wa darasa la tatu walifanya zoezi hilo, na karatasi nyingi zikarudi na msalaba mwekundu mahali palepale: kona ya nyuma ya madarasa penye bomba la maji, ambapo wakubwa husukumana kwenye foleni na wadogo huangukia ukingo wa saruji. Hakuna mzazi wala mjumbe wa kamati aliyekuwa ameitaja kona ile. Ilichohitaji ni bomba la pili na zamu tofauti za kunywa maji, mambo ambayo hayakatiwi utepe.

Michoro hiyo ifuatwe na kutazama tu. Mtu mzima akae pembeni wakati wa mapumziko, bila filimbi, aone nani anatumia wapi. Katika shule nyingi ataona kwamba mpira wa miguu wa wavulana wa madarasa ya juu umemeza katikati yote ya uwanja, huku wasichana, wadogo na wale wasiopenda kukimbia wakibanana kandokando ya kuta. Sina ugomvi na mpira, na anayetaka kuupiga marufuku atafute shule nyingine. Lakini uwanja ni wa wote, na pengine kinachotakiwa ni kuusogeza mpira upande mmoja, kupanda miti ya kivuli upande wa pili, na kuweka magogo ya kukalia kwa wale ambao mapumziko kwao ni kuketi na kuzungumza, kuruka kamba au kucheza gololi bila kukanyagwa.

Najua wapo watakaosema kwamba wanafunzi tayari hushirikishwa. Roger Hart, aliyeandikia UNICEF kuhusu suala hili mwaka 1992, alilinganisha ushiriki wa watoto na ngazi yenye vipago vinane, akasema vitatu vya chini si ushiriki: mtoto anapotumiwa kutimiza lengo la wakubwa, anapowekwa kama pambo, na anapopewa nafasi ya jina tu. Mwanafunzi anayekariri shairi mbele ya mgeni rasmi kuhusu uwanja ambao hakuulizwa lolote juu yake ni pambo, hata akishangiliwa vipi.

Na watoto wana sababu ya kutuona wakubwa hatujui sana. Carl Theodor Sørensen, msanifu wa bustani kutoka Denmark, aliona kwamba watoto huvutiwa na mabaki ya ujenzi kuliko viwanja nadhifu vilivyobuniwa kwa ajili yao. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani, uwanja wa namna hiyo ulifunguliwa Emdrup, mjini Copenhagen, ambapo watoto walipewa mbao, matofali na zana, na mtu mzima wa kuwaangalia, wakajenga wenyewe walichokitaka. Sisemi kila shule igeuzwe jalala. Nasema kwamba rundo la vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, kamba na makreti matupu huweza kuwachezesha watoto wengi kuliko chombo kimoja cha chuma ambacho watatu wanakipanda na thelathini wanapanga foleni.

Hapa ndipo wazazi wanapohitajika, na sizungumzii mchango. Miongoni mwa wazazi wa shule yoyote hukosi seremala, fundi wa kuchomelea, mwashi, muuguzi, mhasibu na mtu anayejua miti. Mzazi asiye na fedha ambaye anaweza kukagua kiungo cha chuma na kuona ufa kabla hakijavunjika ameleta kitu kikubwa kuliko bahasha. Fundi huyo ndiye atakayejua, au atakayetumwa ajue, kwamba jambo la kwanza la usalama si chombo bali ardhi iliyo chini yake. Miongozo ya usalama inayotumika Marekani inakataa saruji, lami na udongo ulioshindiliwa chini ya vyombo vya kukwea, na inataka mchanga au vipande vya mbao vya kina cha kutosha, vikienea kiasi cha meta 1.8 kuzunguka chombo. Miongozo hiyohiyo inatahadharisha kuhusu nafasi za kati ya sentimeta 9 na 23 baina ya vyuma, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo hupenya na kichwa hukwama. Matairi ya zamani, ambayo hupendwa kwa kuwa hupatikana bure, yakaguliwe yasiwe yametokeza waya, na yatobolewe chini ili maji yasituame yakazalisha mbu.

Wanafunzi wenye ulemavu wasiongezwe mwishoni kana kwamba ni wageni. Njia ngumu na pana inayofika mahali michezo ilipo humfaa anayetumia kiti cha magurudumu, na mchanga mzito uliomwagwa kila mahali humfungia nje. Waulizwe wao wenyewe.

Kuhusu matunzo, ambayo ndiyo huua viwanja vingi, ninachopendekeza ni chepesi: daftari moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Kila wiki wanafunzi wawili wa madarasa ya juu pamoja na mzazi wa zamu wazunguke, waandike nati iliyolegea, mchanga uliopungua chini ya bembea, ubao ulioanza kuoza, na tarehe ya kutengenezwa. Chombo kilichoandikwa kibovu kifungwe siku hiyohiyo mpaka kitengenezwe. Sehemu ya kila mchango itengwe kwa kazi hiyo tangu mwanzo, na hesabu yake isomwe kwenye mkutano wa wazazi kama zinavyosomwa hesabu nyingine. Walimu wakuu wana haki ya kusema kwamba wamezidiwa na kazi na kwamba mtoto akiumia lawama huwaangukia wao. Nadhani daftari lenye sahihi za wazazi huwalinda zaidi kuliko uwanja uliofungwa kwa kufuli.

Kwa hiyo naziomba kamati za shule, kabla ya kututangazia mchango mwingine wa uwanja, zilete kwenye mkutano michoro ya wanafunzi, orodha ya wazazi wenye ufundi waliokubali kujitolea, na jina la atakayeshika daftari. Mimi nitatoa changu siku hiyo.

Mzazi na msomaji wa gazeti lako