Grace Ogot hakuwa mbunge tu jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Kila ikifika Machi kuna watu wanamkumbuka Grace Ogot, yule mwandishi aliyetuacha tarehe 18 Machi 2015, na kila mwaka maneno ni yale yale, mbunge wa Gem, waziri msaidizi enzi za Moi, mke wa Profesa Bethwell Ogot. Sawa, yote ni kweli. Lakini mi huwa nangoja mtu aitaje Air India na wapi, hakuna.

Huyu mama aliwahi kuwa afisa wa uhusiano mwema wa Air India hapa Nairobi. Kabla ya hapo alikuwa nesi na mkunga, alisomea Mengo kule Uganda halafu Uingereza, akaandika na kutangaza BBC London, yaani kuongea na watu ilikuwa kazi yake. Sasa we fikiria, mtu anayejua kabisa vile kampuni hupigwa pasi ionekane safi mbele ya wateja, ndiye huyo huyo akishika kalamu anaandika kuhusu makafara na waganga, na chifu anayemtoa binti yake wa pekee aliwe na zimwi la ziwani ndio mvua inyeshe. Meneja wa East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu, alipoletewa hizo hadithi alishangaa Mkristo anaandikaje vitu kama hivyo! Mama hakupunguza chochote. The Promised Land ikatoka 1966, Land Without Thunder 1968.

Hiyo ya chifu na binti tulisomewa kidato cha pili. Mwalimu alisimama karibu na dirisha, akafika pale Osinda, mpenzi wa huyo binti Oganda, anatokea na koti la majani ya bwombwe amfunike ili macho ya mababu yasimwone, na darasa likanyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa wanatafuna miwa chini ya dawati wakaacha.

Lakini kwangu mimi kitabu ni Miaha, cha 1983, aliandika kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo. Hapo ndio utaona yeye na mumewe walikuwa wanachimba shamba moja, Profesa alishatoa History of the Southern Luo mwaka 1967, mambo ya wazee na vizazi na kuhama, na mama naye anachukua zile hadithi alizosimuliwa na bibi yake kule Asembo anazipa watu wa kuongea na kugombana ndani. Kwa Miaha jembe lilikuwa linalima lenyewe, unaligusisha udongo mara moja tu unaenda zako nyumbani, mpaka bibi harusi Nyawir akaona hiyo haiwezekani, akashika mpini akalima mwenyewe, na toka hiyo siku tunatoka jasho sote. (Mamangu akichoka na palizi bado humlaumu Nyawir kama jirani anayemjua.)

Okoth Okombo alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, The Strange Bride. Kwa Kiswahili sijawahi kukutana nacho kwa duka lolote, na hii ndio inaniuma. Mi ni Mjaluo nimeoa Mtaita, watoto wangu Dholuo wanayojua ni ya kuomba chai, basi usiku nilikuwa nawasomea nikitafsiri papo hapo, nakwama, narudi nyuma, na tukifika kwa jembe yule mdogo ananiuliza, "Baba, hiyo ilikuwa na mota?" Wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili, mnangoja nini na hii hadithi?

Tena mfanye haraka. Nakala yangu ilishatoka jalada, nimeishona na uzi wa gunia, na kuna jirani aliichukua kwangu "wiki moja tu", anayo tangu Krismasi, kila tukipatana kwa geti anaanza kuongea juu ya maji ya kaunti.

Msomaji wako,
Kisumu