Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Mpaka ulifungwa, ushuru haukusimama

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: UNAFUU WA USHURU NA PANGO KWA WACHUUZI WA SAMAKI NA DAGAA MASOKO YA NJE YANAPOFUNGWA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama mchuuzi wa dagaa, mkazi wa Kirumba, na kazi hii nimeifanya tangu mwaka 2009. Nimezoea kupeleka shida zangu kwa mtendaji wa kata, lakini safari hii nakuandikia wewe, tena hadharani, kwa sababu jambo lenyewe haliishii kwenye kata moja. Linagusa mialo yote ya mkoa huu, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, kuanzia Ukara hadi Kome, na halmashauri zote zinazopakana na ziwa.

Kila yanapotajwa madhara ya UVIKO-19 kwa wafanyabiashara wadogo, huwa nasikia viongozi na wananchi wakisema kwamba sisi Watanzania hatukufungiwa. Ni kweli. Baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule na vyuo vilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa, lakini hakuna siku ambayo niliambiwa niondoe meza yangu sokoni. Nilishukuru wakati ule na ninashukuru hadi leo, kwa kuwa mtu anayekula jioni alichouza asubuhi hawezi kukaa ndani wiki mbili. Tulivaa barakoa, tukanawa kwenye ndoo za koki, tukajifukiza, tukawazika wenzetu, kazi ikaendelea. Hata hivyo, kauli hiyo ya kwamba hatukufungiwa imeficha jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: mteja mkubwa wa mazao ya ziwa hili haishi Mwanza, na huyo alifungiwa.

Mabondo, yaani vifuko vya hewa vilivyomo ndani ya samaki, ndiyo yaliyotangulia. Bondo la sangara husafirishwa hadi Hong Kong na China bara, na bei yake huamuliwa huko. China ilipojifungia mwanzoni mwa mwaka 2020, bei iliporomoka hapa mwaloni kabla hatujasikia kuwa ugonjwa umefika Arusha. Ikafuata minofu. Hoteli na migahawa ya Ulaya ilifungwa, ndege za abiria ambazo hubeba pia minofu hiyo zikasimama, na kuanzia tarehe 12 Aprili hadi 18 Mei nchi yetu nayo ikasitisha safari za abiria za kimataifa. Mnunuzi wa nje akiacha kununua, kiwanda hupunguza oda, wakala hupunguza bei, na mvuvi aliyekopeshwa mafuta na nyavu hurudi nchi kavu akiwa na deni badala ya fedha.

Mimi nilipigwa upande wa dagaa. Yeyote aliyewahi kusimama Mwaloni Kirumba anajua kwamba dagaa wanaopakiwa pale wanakwenda Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya, mbali na mikoa yetu wenyewe. Uganda na Rwanda zilifunga mipaka kwa abiria mwezi Machi 2020. Kenya ikafunga wa kwake na sisi tarehe 16 Mei, ikaruhusu malori ya mizigo tu, tena kwa madereva waliopimwa. Kwenye maandishi, kwa hiyo, mizigo haikuzuiwa. Lakini mchuuzi mdogo hana lori. Mnunuzi wangu wa upande wa Isebania alikuwa mama mwenzangu ambaye alikuja kwa basi kupitia Sirari, akalala gesti, akachagua magunia kwa kuyanusa na kuzamisha mkono mpaka chini, kisha mzigo wake ukapakiwa juu ya mizigo ya wengine. Mpaka uliofungwa kwa abiria ulimfungia yeye, na kwa kumfungia yeye ukanifungia mimi, ingawa meza yangu ilikuwa wazi tangu alfajiri hadi magharibi.

Naomba uniruhusu nieleze siku chache tu za mwezi huo wa Mei. Nilikuwa na magunia 38 stoo. Masika yalikuwa hayajaisha, na ziwa lilikuwa limepanda kuliko tulivyowahi kuliona, hata ufukwe tuliouzoea kwa kuanikia ukawa chini ya maji na vichanja vikabaki vimesimama ndani ya maji kama miti iliyokufa. Dagaa mkavu ukimkunja huvunjika kwa mlio. Wa kwangu walianza kupinda kama uzi. Kila jua lilipochungulia nilimwaga gunia moja juu ya turubai, na binti yangu, aliyekuwa nyumbani kwa sababu shule zimefungwa, alikaa pembeni na fimbo akifukuza kunguru. Wingu likirudi, tunazoa tena. Tulifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi nilifungua gunia lililokuwa ukutani nikakuta ukungu mweupe umeshuka hadi katikati. Magunia 11 niliyauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei iliyorudisha gharama ya mkokoteni na kidogo juu yake.

Katika siku hizo hizo mtoza ushuru aliendelea kupita. Soko lile sitalitaja, na sina ugomvi na kijana yule, kwani alitumwa na kitabu chake cha risiti kilipaswa kujaa. Pango la stoo lilidaiwa mwezi kwa mwezi. Nilipochelewa mwezi wa pili, likaongezewa faini. Ili nisifungiwe stoo mzigo ukiwa ndani, nilikwenda kuchukua mkopo wa aina ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu, unaorejeshwa kila wiki na usiojali kama umeuza au hujauza. Ninaomba uliangalie jambo hili kwa makini, Mheshimiwa, kwa sababu ndilo kiini cha barua yangu: mkopo ule sikuuchukua ili ninunue dagaa, niliuchukua ili nilipie chumba kilichojaa dagaa ambao hakuna wa kuwanunua. Hasara ya dagaa ningeifidia katika misimu miwili. Deni lile lilinichukua miezi 14, na katika kipindi hicho nilikuwa nachuuza kwa mtaji wa mtu mwingine.

Hatukukaa tukisubiri huruma. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 24 na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Kwa katiba yetu sanduku hilo haligawanywi kabla mzunguko haujaisha. Mwezi Juni tulikutana nje, chini ya mwembe, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake, tukakubaliana kulifungua katikati ya mzunguko, kusamehe faini zote na kusogeza marejesho kwa miezi mitatu. Mwenzetu mmoja alilia, kwa kuwa hisa zake zilikuwa ada ya mtoto. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuza kitanda, na hadi leo kikundi kipo.

Jambo la pili lililotuokoa ni simu. Mmoja wetu alianza kuosha dagaa, kuwakaanga na kuwafunga kwenye pakiti za robo kilo, akawa anatuma picha kwa walimu na wauguzi anaowafahamu. Tukamwiga. Vijana wa bodaboda ambao abiria wao walikuwa wanafunzi wa chuo kule Malimbe, na ambao tangu vyuo vifungwe walikuwa wanashinda kijiweni bila abiria, wakawa wanatupelekea mizigo Pasiansi, Buswelu na Igoma, na fedha zikaingia kwa simu. Faida ilikuwa ndogo, kwa sababu pakiti 40 hazifikii gunia, lakini ilikuwa ya kila siku. Mafundi cherehani wa mtaani kwetu nao walihamia kwenye barakoa za vitenge sare za shule zilipokosa wateja. Ndiyo maana tozo ya miamala ilipoanza tarehe 15 Julai 2021 ilituuma kuliko wengi walivyodhani, kwani ilikuja juu ya njia ile ile tuliyoitumia kujinasua. Nashukuru kwamba ilipunguzwa mwezi Septemba mwaka huo na hatua nyingine zikafuata baadaye.

Sisemi kwamba Serikali haikufanya kitu. Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ilizihimiza benki ziwape nafuu wakopaji waliokwama, na ikapandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka Shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Mwaka 2021 ulikuja mpango wa Shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, ambao ulijenga madarasa 15,000, na watoto wetu wanasoma humo. Ipo pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa mujibu wa sheria hukopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Yote haya ni mema. Lakini nafuu ya benki haimfikii asiyekopa benki, na mkopo wa halmashauri, ambao ulisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024, hata ukiwa hauna riba bado ni mkopo. Mtu ambaye mpaka umemfungia mteja wake hahitaji kwanza kukopeshwa. Anahitaji asidaiwe kwa muda.

Ombi langu, kwa hiyo, ni hili. Ushuru wa masoko, ushuru wa mialo na pango la vibanda na stoo za halmashauri vimewekwa na sheria ndogo zinazopitishwa na mabaraza ya madiwani. Ninajua kwamba ofisi yako haitungi sheria ndogo, lakini ndiyo inayoziunganisha halmashauri hizi, na wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Naomba upeleke huko pendekezo kwamba kila halmashauri yenye mwalo iingize katika sheria zake kifungu kimoja: pale mpaka au soko la nje linalopokea mazao ya ziwa linapofungwa kwa tangazo rasmi la Serikali yoyote, pango la stoo za wachuuzi wadogo lisimame tangu tarehe ya tangazo hadi siku 60 baada ya kufunguliwa, faini zisitozwe, na ushuru ulipwe kwa gunia lililouzwa tu badala ya gunia lililoingia.

Najua swali la kwanza litakaloulizwa na waweka hazina ni pengo la mapato litazibwaje. Ni swali la haki. Ningependa walinganishe na hesabu ya upande wa pili. Katika safu ya stoo nilipokuwa tulikuwa wachuuzi 16. Mwishoni mwa mwaka 2020 tulibaki 9, na vyumba saba vilikaa bila mpangaji hadi mwaka uliofuata. Pango ambalo halmashauri ililikusanya kwa nguvu kwa miezi mitatu ililipoteza kwa miezi mingi zaidi ya hiyo. Hofu ya kudanganywa nayo haina msingi mkubwa, kwa kuwa tarehe ya kufungwa kwa mpaka haighushiki, hutangazwa redioni na kila mtu huisikia.

Lipo jambo la pili, dogo kwa maneno ingawa si dogo kwa gharama, nalo ni mahali pa kuhifadhia. Ningekuwa na sehemu kavu ya kukaushia isiyotegemea ufukwe, yenye vichanja vilivyoinuliwa na paa linaloingiza mwanga, yale magunia 11 yasingeliwa na kuku. Wenye viwanda wana vyumba vya baridi. Sisi tuna turubai. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena foleni ya kivuko upande ule, na mizigo ya Sengerema na Geita inaweza kutufikia bila kulala njiani, jambo ambalo ni neema kwetu. Lakini mzigo unaofika upesi ukikuta soko limesimama huharibikia hapa mjini badala ya kule ulikotoka. Naomba angalau mwalo mmoja katika kila wilaya ya ziwa ujengewe kikaushio cha pamoja kinacholipiwa kwa gunia, kama tunavyolipia mashine ya kusaga.

Endapo utaona barua hii inastahili kujadiliwa, ninaomba wachuuzi tuitwe kabla ya rasimu kuandikwa, maana kuna mambo ambayo hayaonekani kutoka ofisini, kwa mfano kwamba stoo nyingi hupangishwa na mtu wa kati aliyekodi kutoka halmashauri, na unafuu usipomfunga huyo utaishia mfukoni mwake. Kumbukumbu za safu yetu ninazo: stakabadhi za pango za mwaka 2020, daftari la kikundi na hesabu ya magunia, vyote vimefungwa pamoja kwenye mfuko wa nailoni. Nitavileta siku yoyote nitakayopangiwa, isipokuwa siku za mwanzo wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa huingia alfajiri nami ninatakiwa niwe mwaloni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza