Wapiga picha tuongee na watu kabla ya kuinua kamera

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako, kuna jambo limenikaa rohoni toka mwezi uliopita.

Mimi napiga picha hapa Tanga toka enzi za mikanda. Mkanda ulikuwa picha 36 basi, ukimaliza unapeleka kusafisha na ukikosea umekosea, kwa hiyo lazima uongee na mtu kwanza, umwekee kola sawa, umsubiri atulie ndo ubonyeze. Siku hizi vijana wetu wana kamera za maana kabisa, wanapiga picha 2,000 kwenye harusi moja, ila salamu hawatoi.

Sasa mwezi uliopita nilialikwa harusi ya binti wa jirani, nimekaa zangu kama mgeni. Ukafika muda wa picha za familia, yule kijana akasimama mbali huko akamnyooshea kidole bibi wa bi harusi, "We bibi, sogea kule, tizama huku, cheka basi!" Bibi wa watu miguu inamsumbua, ametoka kwenye kiti kwa kushikiliwa mkono, akamwangalia tu, akajifunga vizuri kanga yake akarudi kukaa. Kijana wala hakuona, akaendelea na wengine. Juzi nimeonyeshwa hizo picha, bibi yumo kwenye mbili, moja kapigwa kisogo na nyingine anatafuna pilau. Na huyo bibi ndiye aliyemlea bi harusi toka ana miaka 3! Angejuaje kijana wa watu wakati hakuuliza?

Mimi wiki moja kabla ya shughuli napiga simu au naenda nyumbani, nauliza ni nani hapa nikimkosa kwenye picha mtanilaumu maisha yenu yote, naandika majina kwenye karatasi naweka mfukoni. Nauliza tena kwa upole kama kuna watu wasiosimama pamoja, maana wazazi wengine wameachana kwa ubaya na MC akiwaita jukwaani pamoja unaona mama wa watu anavyobadilika uso. Siku yenyewe shikamoo kwanza kamera baadaye. Na mzee akishapigwa picha moja namwonyesha kwenye skrini ajione, hapo anacheka mwenyewe bila kuambiwa cheka, na ile ya pili ndo picha.

Halafu kushikashika watu jamani! Unamshika bi harusi kidevu mbele ya mumewe na wakwe hujaomba hata ruhusa, kwetu huku hiyo ni aibu kubwa. Mwambie kwa mdomo ageuke au muombe somo wake, yule mama anayemwongoza bi harusi, amweke sawa.

Na hili la kuwachubua watu kwenye kompyuta linaniuma sana, dada wa watu mweusi mzuri anarudishiwa albamu yuko mweupe kama karatasi, mama yake anauliza huyu nani. Muulizeni mtu kabla hamjambadilisha rangi. Muulizeni pia kabla ya kuposti, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo toka 2022, na wenzetu Kenya mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Na kama albamu imechelewa pokea simu useme imechelewa, mteja anayejua kinachoendelea anavumilia, anayekatiwa simu ndo anakutangaza mji mzima.

Yule bibi nimeshaongea naye. Jumapili hii namfuata nyumbani na kamera, mjukuu wake atakuwepo na gauni lake la harusi, na bibi amesema niende asubuhi kabla miguu haijaanza kuuma, na zile kanga za siku ile ameshazifua.

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga