Malaria hakuna, mkojo je?

Mhariri,

Huku kwetu Igombe mtoto akichemka tunawaza malaria kwanza, na si kosa: tumezaliwa kando ya ziwa, mbu tunawajua. Kinachonikera ni yale yanayofuata kipimo kikisema malaria hakuna.

Mjukuu wangu wa kike, miezi minane, alishikwa na homa. Kikohozi hana, mafua hana, ila akinyonya anatapika. Kwenye zahanati alitobolewa kidole, malaria hakuna. Tukapewa panadoli ya maji na maneno mawili: "Ni meno." Meno gani yanayopandisha homa hadi 39? Kesho yake, kwa woga, tukanunua antibayotiki dukani bila cheti, tukamnywesha dozi mbili. Siku ya tatu kalegea, hata kulia ni kunung'unika tu. Tukadandia daladala kwenda mjini.

Hospitalini nesi akauliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza siku zote hizo: "Bibi, mkojo wake umepimwa?"

Nikabaki kumtazama. Mkojo wa kichanga unaukingaje? Akamsafisha vizuri kwa maji, nikambeba kwapani miguu ikining'inia, mama yake akashika kikopo. Nesi akachukua pamba yenye maji ya baridi, akawa anamsugua taratibu chini ya kitovu. Mkojo wa kwanza ulipokelewa na khanga yangu. Wa pili tuliudaka. Kijiti cha kupimia mkojo kilipochovywa kikabadilika rangi pale pale, na daktari akasema maambukizi ya njia ya mkojo yamekwishapanda kwenye figo. Akalazwa, akaanza sindano siku hiyo hiyo. Mkojo ulipelekwa kuoteshwa maabara ili mdudu ajulikane, lakini baada ya siku mbili haukuota kitu. Daktari akatuambia huenda ile dawa ya dukani ndiyo iliyoficha mdudu. Ikabidi atibiwe kwa kukisia.

Ajabu ni kwamba watu wazima wa mji huu kila anayeumwa kiuno anajiita mgonjwa wa UTI, yaani maambukizi hayo ya njia ya mkojo. Mtoto mchanga, ambaye hawezi kusema kukojoa kunamuuma, ndiye hatumfikirii. Na wadudu wenyewe mara nyingi ni wale wale wa kwenye choo kikubwa, wanapanda kupitia njia ya mkojo. Kwa mtoto mdogo figo zinaweza kubaki na makovu.

Ombi langu kwa zahanati zetu ni dogo. Malaria ikikosekana na chanzo cha homa hakionekani, ombeni mkojo kabla ya kuandika antibayotiki. Vijiti na vikopo safi visiishe. Na kina mama, mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa msisubiri kuche, nendeni hospitali. Hata aliyezidi hapo, akigoma kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, ni usiku ule ule.

Wetu sasa anatambaa. Ile khanga nimeifua, ila nikiiona kwenye kamba namkumbuka yule nesi.

Bibi wa Igombe,
Ilemela, Mwanza