Yah: Saa ya toleo maalumu yenye maandishi "mita 50" iliyoingia maji

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Tawi la Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea majibu ya kituo chenu cha matengenezo na siyakubali. Saa ninayoilalamikia ni namba 117 kati ya 200. Niliinunua dukani kwenu ikiwa mpya, na nakala za risiti na kadi ya dhamana naziambatanisha kwa mara nyingine. Niliogelea nayo Kigamboni, juu juu, mahali ambapo mtu mzima anasimama na kichwa kikabaki nje. Jioni ile kioo kilifanya ukungu kwa ndani. Kulipokucha, mchoro wa jahazi usoni mwa saa ulikuwa umeanza kutoa madoa, na akrabu ya sekunde imesimama.

Kituo chenu kinadai kwamba saa haina kosa. Eti mkono unapopiga maji, presha hupanda mara nyingi kuliko ya kina chenyewe, kwa hiyo "mita 50" hazina maana kwa mtu anayeogelea. Maelezo haya nimeyasikia pia kwa wauza saa wengine, tena wanayatoa kwa kujiamini sana. Tuyapigie hesabu.

Majini presha huongezeka takriban baa 1 (baa ni kizio cha presha) kila mita 10, kwa hiyo mita 50 ni baa 5. Presha inayoletwa na mwendo ni nusu ya msongamano wa maji, mara kasi, mara kasi tena. Waogeleaji wa Olimpiki humaliza mita 50 kwa sekunde 21 hivi, yaani hawafiki mita 2.5 kwa sekunde. Mimi na kitambi changu tujaalie mkono unakata maji kwa mita 3 kwa sekunde. Presha inayoongezeka haifiki hata baa 0.05, sawa na kushuka kina kisichofika nusu mita. Tuupe mkono huo mwendo wa boti, mita 10 kwa sekunde: ni nusu baa, sawa na mita 5 na ushei. Bado zinabaki mita zaidi ya 40 nilizozilipia. Ziko wapi?

Nilipouliza dukani, kijana wenu (mpole kabisa, sina ugomvi naye) alinifungulia ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha dhamana. Pale, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, mmeandika kwamba mita 50 ni kwa ajili ya mvua na kunawa mikono. Lakini kwenye mfuniko wa nyuma mmechonga kwa herufi kubwa kwamba saa inahimili maji. Maneno hayo yana kanuni yake ya kimataifa, ISO 22810, iliyotolewa mwaka 2010. Inahusu saa za matumizi ya kila siku pamoja na kuogelea. Kupiga mbizi kuna kanuni nyingine, ISO 6425, inayoanzia mita 100 na kutaka kila saa ipimwe moja moja, kwa presha iliyozidi robo juu ya ile iliyoandikwa. Sijawahi kudai kwamba mliniuzia saa ya mpiga mbizi. Nadai mliniuzia saa ya kuogelea, kwa sababu ndivyo kanuni inavyosema.

Nami nitawaambia ninapodhani kosa liko. Saa zenu za kawaida zina mfuniko wa chuma wa kukaza kwa kuzungusha kama skrubu, na ufunguo wa pembeni (ule wa kurekebishia majira) nao ni wa kukaza. Kwa toleo hili mlitaka mashine ionekane, mkaweka kioo mgongoni na kukibana kwa kukisukuma tu. Mkataka saa iwe nyembamba, mkaweka ufunguo wa kuvuta na kurudisha. Mapambo yote hayo yanategemea mipira myembamba ya kuzuia maji, na mpira mmoja ukikaa upande, maji hayaulizi bei ya saa. Kanuni ya saa za kawaida inaruhusu kiwanda kupima sampuli tu. Kwa anayetengeneza maelfu kwa maelfu, naelewa. Lakini ninyi mmetengeneza 200! Kipimo cha ukungu, cha kuona kama maji yamepenya, ni chepesi: saa inapashwa moto hadi nyuzi 40 au 45, kioo kinawekewa tone la maji baridi kwa dakika moja hivi, kisha kinafutwa na kutazamwa kama ndani pametokea mvuke. Mtu mmoja angezimaliza zote kabla ya kwenda likizo.

Jambo lililoniudhi zaidi ni tangazo. Kwenye kabrasha lenu kuna kijana anajirusha baharini kutoka kwenye jahazi, saa mkononi, na mistari ya sifa za Bahari ya Hindi. Toleo zima mmelijengea juu ya bahari, halafu dhamana inasema bahari isiguswe. Mwaka 1927 mwogeleaji Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliingia kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex Oyster shingoni. Alikaa kwenye maji yale ya baridi zaidi ya saa kumi, na alipotolewa saa ilikuwa inatembea. Ndipo wenye saa wakatangaza. Na msinijibu kwamba ni suala la gharama, maana Casio wanauza saa za G-Shock za mita 200 tangu 1983, na bei yake haifiki hata ya mkanda wa saa yenu.

Halafu mnanipa suluhisho: nilipie matengenezo, na kwa kuwa nyuso zenye jahazi zimekwisha kiwandani, niwekewe uso wa saa ya kawaida. Yaani mgongoni isomeke 117 kati ya 200, mbele iwe saa inayopatikana duka lolote la uwanja wa ndege. Thamani ya toleo maalumu iko usoni. Mkiuondoa, mmeniachia namba.

Ninachotaka ni fedha zangu zote kwa bei ya risiti, au saa nyingine ya toleo hilohilo ikiwa na cheti cha kipimo cha maji chenye namba yake. Pia nataka kuona kumbukumbu ya kipimo cha namba 117 kabla haijatoka kiwandani. Kama haikupimwa, niandikieni hivyo kwa barua yenye saini. Msiseme ilifunguliwa na fundi wa mtaani. Niliipeleka kwa fundi saa Kariakoo, akaigeuza mara mbili, akanirudishia: "Mzee, hii siigusi, wasije wakanisingizia." Vibano vya kiwandani viko vilevile, na picha nilizopiga siku ya kuikabidhi ninazo.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja, na ushahidi wa kwanza utakuwa kabrasha lenu lenyewe. Wakati huohuo naomba picha ya yule kijana anayeruka iondolewe dirishani mwa duka. Jumamosi nilipopita ilikuwa bado ipo.

Wako,

Mteja, saa namba 117

Viambatanisho: risiti, kadi ya dhamana, picha sita, kurasa mbili za kabrasha, barua ya kituo cha matengenezo.